Kibuyu Ambacho Hakikuonjwa

Kasulu, 2014

Baba yangu mpenzi,

Nimekaa kwenye kiti chako cha uani, kile chenye mguu mmoja mfupi. Jana nilifanya jambo. Nataka ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa wengine.

Unakumbuka uliponifundisha kumkaribisha mgeni kwa pombe ya ndizi? Nilikuwa mdogo, kibuyu kinanilemea. "Anayekaribisha huonja kwanza, Generoza," ulisema. "Mgeni aone imepita kooni mwako." Hata madereva wa Manyovu waliokuja kuchukua mafuta, sigara na ile mizigo mingine uliyonificha, kana kwamba sikuwa na macho, uliwaonjea wote. Tulikuwa watu wa magendo na tuliogopwa toka mpakani hadi Kibondo, lakini hakuna aliyewahi kuogopa kinywaji chako.

Ila siku ile mdogo wako Gwasa alipokuja na kibuyu chake, hakuonja. Alikumiminia tu akakupa. Nikamwambia, "Baba mdogo, onja basi." Ukanicheka. "Mwache, ni mdogo wangu huyu. Ndugu hatuonjeani." Ukanywa. Jioni ulikuwa umejikunja kitandani, hata jina langu hulijui. Watu wakasema ni tumbo. Gwasa alilia kutushinda sote, na matanga hayajaanuliwa alikuwa tayari ameshika funguo za malori yako.

Nimekichukia kile kicheko chako, baba. Nisamehe, lakini nimekichukia sana.

Tangu hapo kila nilipokutana naye nilipiga magoti na makofi nikimwamkia, "Mwidiwe, baba mdogo," kama mtoto mwema. Moyoni nilikuwa nimeshamzika. Mama mmoja mchuuzi kutoka ng'ambo alinipa unga kidogo wa sumu ndani ya karatasi, nikaufunga kwenye pindo la khanga. Nilitembea nao sokoni, kanisani, kila mahali.

Jana niliwaita wote hapa uani: madereva, wapagazi, na mzee Bitama mliyeanza naye kazi mkiwa vijana. Nikasema nataka kumkabidhi baba mdogo njia yetu ya magendo ya Manyovu mbele ya watu. Alikuja na koti jipya, anacheka na kila mtu. Nikamimina pombe kwenye kibuyu. Nikampa bila kuonja.

Madereva wakageuka kututazama.

"Mwanangu, umesahau," akasema. "Onja kwanza."

"Ndugu hatuonjeani, baba mdogo."

Akakitazama kile kibuyu. Jasho likaanza kumtoka usoni.

"Yebaba! Kunywa, Gwasa," mzee Bitama akasema. "Ni mtoto wako huyu. Unaogopa nini?"

Hakunywa. Alinisogelea, akaninong'oneza, lakini wote walisikia: "Umetia nini humu?"

"Wewe ulimtilia nini baba?"

Akaanguka chini na koti lake, akilia, safari hii kweli. "Sikutaka afe. Nilitaka augue tu, ule mzigo wa Manyovu wa siku ile niupeleke mimi."

Nikakichukua kibuyu mikononi mwake, nikanywa mbele yake mpaka mwisho. Ilikuwa pombe safi, baba. Unga ulikuwa bado kwenye pindo. Lakini sitakudanganya: mpaka namimina nilikuwa sijaamua, na vidole vyangu vilikuwa kwenye lile fundo.

Hakuna aliyempiga. Mzee Bitama alimfungua funguo kiunoni, akanipa mimi. Gwasa amekwenda Busunzu kulima, na hakuna Muha atakayekaa naye kunywa kwenye chungu kimoja tena. Unga nimeutupa chooni. Nilidhani nikishamaliza hili nitalala vizuri.

Asubuhi hii mjukuu wako, yule uliyempa jina la mama yako, ameniletea uji. Amekishika kikombe kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha mimi. Nami nikamwambia, "Onja kwanza."

Akaonja, akanitazama usoni. Nami nikangoja kidogo, baba, kabla ya kunywa.

Wewe pumzika. Funguo ninazo mimi.

Binti yako,
Generoza