Papa, Mwaloni na Sale la Mpakani

Mjukuu wangu Manka, marahaba. Leo Jumapili natimiza miaka arobaini na moja nje ya kijiji chetu cha Kilema, huku ughaibuni. Mguu wa bibi yako umepona.

Umeuliza nani huishi zaidi, papa wa Grinilandi au mti wa mwaloni, na nitarudi lini. Wote wawili huishi karne kadhaa: mwaloni palepale ulipoota, papa akiogelea polepole katika baridi na giza. Jambo hilo hunistaajabisha kila nikiutazama mwaloni wa mlangoni hapa.

Ujanani niling'oa sale, mmea wa mpaka wetu na jirani, nipande kahawa. Baba akanituma kwa jirani huyo na jani la sale hilohilo, niombe msamaha kidesturi. Mzee yule akacheka: "Nimekusamehe. Lirudishe mpakani, wewe una miguu, lenyewe halina."

Mama yako anasema sale nililolirudisha bado limesimama. Mimi niliogelea kama papa, Manka. Sitarudi.