Bisibisi ya Baba na Skuta ya Bi Sichana

Mkunazini,
Mji Mkongwe, Unguja.
9 Agosti, 2025.

Mpendwa ndugu yangu Junaid,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka. Marahaba, mdogo wangu. Vipi hali yako na joto la Maskati? Goti limepoa? Shemeji Ulfat na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Presha yangu inapanda na kushuka, lakini sikio, ambalo ndilo mtaji wangu, bado linasikia sindano ikianguka.

Utacheka kwamba nakuandikia karatasi na simu ninayo mfukoni. Kwenye simu hukawii kuniambia uko barabarani, tutaongea baadaye. Barua hii anakuletea mpwa wetu Faiza, nawe uisome yote, maana ina jibu la lile uliloniomba tangu Ramadhani: nifunge gereji, nije nipumzike kwako.

Nakiri kwamba moyoni nilikuwa nimeshakubali. Vespa za mji huu zimebaki chache, na wenye skuta mpya wanapita mlangoni kwangu bila kusimama. Wanasema kwa Mkadam ni kabureta tu. Iliniuma, Junaid. Miaka thelathini na nane nimezisikiliza injini za watu, leo napitwa kama duka lililofungwa.

Hata Nadra, binti yangu, alipomaliza chuo cha mafunzo ya amali nilimwambia akatafute kazi ofisini. Akang’ang’ania kubaki gereji, na kusoma ufundi kote kule, mimi nikampa kazi ya kusugua plagi. Hilo nalo nakiri.

Sasa sikiliza. Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi, alikuja Bi Sichana, mkunga wa Matemwe, anasukuma skuta yake na jasho linamtiririka. Ni hizi mpya zisizo na kabureta. Alikuja mjini kuchukua dawa, skuta ikaanza kukohoa na kuzimika. Kule kijijini amemwacha mwanamke kijana mwenye mimba ya kwanza na siku zake zimetimia. Alitaka awe amerudi kabla ya alasiri.

Basi kaka yako nikafanya nini? Nikailaza! Unakumbuka vespa ikigoma tunavyoilaza ubavu ili petroli ijae kwenye kabureta, kisha unapiga kiki moja nayo hiyoo. Nikailaza mara tatu. Mwanzo ilikuwa inakohoa, sasa ikawa haikohoi wala haipumui. Bi Sichana ananitazama tu. Nikajikaza kisabuni, nikashika spana, nikatangaza kwamba naifungua yote.

Nadra akatokea ndani mbio. “Baba, usiilaze! Ina kitu ndani kinachojua kama imelala. Inadhani imeanguka na mtu, inajikatia mafuta.”

Akaisimamisha, akazima ufunguo, akawasha tena, akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze. Mimi, babake! Chini ya kiti ikavuma kitu, zzzz, kama sekunde mbili, kikatulia. Akasema hiyo ni pampu, imo ndani ya tangi. Akabonyeza stata, injini ikashika, ingawa bado ilikuwa inakohoa.

Kisha akanieleza, na mimi nakueleza wewe uliyeacha ufundi ukaenda kuuza vitambaa. Katika kabureta hewa inapita, inanyonya petroli, nasi tunakisia kwa skrubu. Hizi mpya hazinyonyi. Pampu inasukuma petroli kwa nguvu mpaka kwenye nozeli, kijibomba kidogo kuliko kidole chako cha mwisho. Nozeli inafunguka kwa umeme, inarusha mafuta kama ukungu, inajifunga, mara nyingi kwa sekunde moja. Ifunguke kwa muda gani, inaamua kompyuta ndogo yenye ukubwa wa pakiti ya biskuti. Hiyo ina sensa zake: moja inapima hewa inayoingia, moja joto la injini, moja inajua umevuta mafuta kiasi gani, na moja imekaa kwenye ekzosi inaonja moshi. Moshi ukiwa na mafuta mengi, inapunguza. Ni kama marehemu Mama na mchuzi wake, haachi kuonja mpaka uive.

Nilisimama nimeduwaa, si kwa skuta, kwa mtoto. Anasema bila kubabaika, na mikono yake inakwenda inapojua.

Lakini hapo akakwama. Aliishuku nozeli, ila chombo cha kuipimia kiko chuoni, na chuo kimefungwa likizo. Nikamuuliza, hiyo nozeli ikifunguka inalia? Akasema inalia tik tik, lakini kwa injini inayounguruma nani atasikia?

Junaid, nilikaribia kucheka. Nikachukua bisibisi, ncha juu ya nozeli, mpini sikioni, kama Baba alivyotufundisha. Nikaisikia. Ilikuwa tik nzito, yenye makohozi, na kila baada ya nne au tano inaruka moja. Nikampa mpini asikilize mwenyewe. Akafumba macho, kisha akasema, “Inakwama, Baba. Inaruka moja.”

Akaifungua, akaisafisha, taka zikatoka. Kumbe Bi Sichana alinunua petroli ya chupa njiani. Adhuhuri haijaadhiniwa, skuta ikaondoka inanong’ona. Bi Sichana akaniambia, “Mtoto wa nyoka ni nyoka, Mzee Mkadam.” Jioni akapiga simu: yule mwanamke amejifungua salama, mtoto wa kike. Nililia kidogo, usimwambie mtu.

Tangu siku ile habari imeenea, na leo asubuhi nimekuta skuta nne mpya zinamsubiri Nadra. Zinamsubiri yeye, kwa jina lake. Sijapata kuona fahari kama hii, hata siku niliyofungua gereji yangu mwenyewe.

Kwa hiyo siji, ndugu yangu, na nakushukuru kwa moyo wako. Ila nina ombi. Ile bisibisi ya Baba yenye mpini wa mpingo uliondoka nayo. Tulikubaliana uitunze mpaka apatikane mmoja katika watoto wetu mwenye sikio, na miaka yote hii hakupatikana. Mpe Faiza airudishe. Sikio limepatikana.

Nisalimie Shemeji Ulfat, wanangu wote, na Mzee Msabah jirani yako. Dada Rukaiya na Nadra wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akuzidishie afya, atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye daima,

Mkadam
Fundi msaidizi, Gereji ya Nadra