Shaji za Makete

Guangzhou, Alhamisi, Machi 2009

Siku ya tatu sijatoka chumbani. Polisi bado wanakagua pasipoti kule mtaa wa Zhanqian, na viza yangu imekwisha tangu Januari.

Asubuhi mke wangu Tumaini alipiga simu kutoka Makete. Amechoka na shaji, vile vichaka vya Kichina vya matunda ya njano nilivyomtumia mbegu zake miaka minne iliyopita. "Majani tu, Baba Neema. Kesho navikata, nipande viazi."

Nikampandishia sauti. Najuta.

Mama Chen, mwenye nyumba wangu, alinisikia. Yeye ndiye aliyenipa zile mbegu. Kwao kaskazini wanalima shaji. Nilipomweleza, alicheka. Kuna vichaka vya kiume na vya kike, akasema, na cha kiume hakizai hata ukisubiri uzeeke. Tena cha kike huficha matunda ndani, kwenye matawi. Mkeo amekagua vyote, au vya mbele tu?

Nikampigia Tumaini. Alikwenda shambani na simu sikioni, akinung'unika. Nikasikia akipekua matawi. Kisha, "Kuna vitu vya njano huku ndani. Vimejaa!" Akaonja kimoja. "Mungu wangu, kikali kuliko ndimu!" Tulicheka kama zamani.

Hapo ndipo nilipomwambia habari ya viza. Sikuwa nimepanga kusema.

"Nenda kajieleze kwa polisi, urudi nyumbani," alisema. "Matunda haya njoo uchume mwenyewe. Mimi miiba hii siiwezi."