Mmoja Wetu Awe Calumet

Mtaa wa Saba,
Calumet, Michigan.
Jumamosi, 8 Februari 2025

Mpendwa Kaka Arvo,

Hujambo huko Anchorage? Natumaini barua hii itakukuta umelala usingizi wa kutosha, na tumbo lako limekumbuka tena wakati wa kifungua kinywa. Mgongo je? Mara ya mwisho uliniambia kiti cha ile ndege yenu kubwa kinakubana kiunoni. Huku sote wazima. Baba ana nguvu zake, macho tu ndiyo yale yale, na mdomo haujapunguza ukali. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni.

Najua unajiuliza kwa nini nimekuandikia badala ya kupiga simu. Nikipiga, ama umelala ama uko juu ya bahari, na ukipokea unanitania mpaka nasahau nililopigia. Karatasi haikatizwi. Basi keti, na usirukie mwisho, nakujua.

La kwanza, Kapteni Gordon Pelkie ameondoka. Ndiyo, Gordon yule yule aliyeapa kwamba atazikwa na sare yetu. Kachukua mkataba wa ndege za mizigo na za kukodi, na sasa leo anabeba maua kutoka Bogotá, kesho timu ya mpira na mashabiki wake. Alimtumia Bernice wa kaunta picha ya farasi wa mashindano wamepangwa ndani ya ndege, masikio juu, na Bernice akaibandika karibu na mashine ya kahawa. Siipendi ile picha. Kila nikipita naitazama.

Unakumbuka orodha yetu ilivyokuwa inatutesa. Aliyeajiriwa mwanzo ndiye huchagua mwanzo, safari, likizo, hata Krismasi, na sisi wengine tunaokota yaliyobaki. Miaka yote hiyo nilingoja wakubwa wastaafu ili nipande. Hawakustaafu, wamehama tu mmoja mmoja, na mimi nimeamka siku moja nikajikuta wa kwanza kituoni. Krismasi hii nilipata mapumziko bila kushindana na mtu. Nikazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwisho nikatoka kuondoa theluji uani kwa jirani ambaye hakuniomba.

Na ile desturi yetu bado ipo: anayepanda namba humnunulia pasti ya kuokwa yule anayeondoka, wakaila pamoja kituoni, na akishaonja tu, basi kaaga. Siku yako watu walijaa mpaka wakagombea kona zilizoungua. Siku ya Gordon mnunuzi nilikuwa mimi. Kwa mazoea nikabeba sanduku zima kutoka kwa Irma mwokaji, za nyama na viazi, kumbe walaji ni Gordon, Bernice, mimi na Tobias Fenske, rubani wangu msaidizi, aliyekuwa mwalimu wa muziki akabadili kazi na mvi zake kichwani. Tulikula pasti siku tatu. Sijawahi kuona cheo kikimshinda mtu kukimaliza.

Sasa lile unalolingojea. Neno ulilonisemea kwa wakubwa wako limezaa matunda. Kampuni yenu imenikubali, darasa linaanza tarehe tatu Machi. Kiti cha kulia tena, cha rubani msaidizi, na jina langu chini kabisa ya orodha. Ujumbe wao uliponifikia nilicheka peke yangu garini, halafu nikalia, halafu nikaenda kununua mayai.

Nataka kwenda, Arvo. Sitakuficha. Nimechoka kutua Chicago. Najua rangi ya kila mlango pale, najua ni nani kwenye mnara wa kuongozea ndege ana mafua. Nataka nione jua likichomoza mahali ambapo siwezi kutamka jina lake. Nikikaa hapa nitakuwa mtu wa kwanza kwenye orodha isiyo na wa pili, na nitaanza kuwagombeza abiria.

Lakini kuna Baba. Kila mwezi anapanda ndege yangu kwenda Chicago kuchomwa sindano ya jicho, anakaa mstari wa mbele na kumwambia kila jirani kwamba dereva ni binti yake. Kampuni imeshatuambia, akiondoka kapteni mwingine, safari za hapa zinasimama mpaka wapatikane watu. Watapatikana wapi? Kwa barabara ni siku nzima, tena na theluji hii.

Na kuna wewe. Nikikuuliza kama una furaha, unanieleza habari za injini. Uliponishawishi uliniambia, "Saima, ni kiti tu, kinatazama mbele kama kile kingine." Haya. Julai ulikuwa na wiki mbili za mapumziko, ukazimalizia Anchorage ukitazama ukuta. Baba aliwasha sauna, kile kibanda chetu cha mvuke, kila Jumamosi mwezi ule, kwenye joto lile, akisema ni kwa ajili ya magoti yake. Magoti yake hayana kitu. Nilikasirika nawe na bado nimekasirika.

Sikiliza yaliyotokea Jumanne. Tumerudi kutoka Chicago, Baba kakaa pale kwa Bernice na kitambaa chake jichoni, nami najaza karatasi za safari. Tobias akaja akaweka pasti ya moto juu ya begi langu.

"Ya nini hii?" nikamuuliza.

"Ya nini tena, Kapteni? Kituo kizima kinajua. Wiki iliyopita ulimwagiza mtu wa mafuta kwa kilo."

Ni kweli. Nyumbani nasoma vitabu vya ndege yenu, nanyi mnapima kila kitu kwa kilo, sisi kwa pauni. Nikafika uwanjani, kidogo nijaze kandege ketu mara mbili ya mafuta yake.

"Yule wa mafuta angekusikiliza," Bernice akadakia, "mngekuwa bado mmekaa mwisho wa njia ya kurukia, wazito kama ng'ombe wenye mimba!"

"Sijaamua bado," nikasema.

"Basi usile," Tobias akanijibu. "Iache ipoe."

Baba akainua uso. Haoni vizuri, lakini pua yake unaijua.

"Nani anaondoka?"

Bernice akaanza kuifuta mashine ya kahawa iliyokuwa safi.

"Hakuna, Baba."

"Pasti ya Irma haiji hapa bila mtu wa kuondoka. Ya kaka yako niliila kwenye kiti hiki hiki." Akanyoosha mkono, akaipapasa mpaka akaipata, akaimega katikati. "Kula, Saima. Ikipoa haina maana."

"Na Chicago utaendaje?"

"Kwani barabara uliivumbua wewe?" Akatafuna kwanza. Kisha akasema taratibu, hata Bernice hakusikia, "Ila mwambie Arvo, mmoja akienda, mmoja arudi. Sitaki kuwasikia nyote wawili mkipita juu ya paa."

Nikala, kaka. Nilikula nusu yangu nimesimama, kamasi zinanitoka, na Tobias akajifanya anasoma hali ya hewa.

Kwa hiyo ninaloomba ni hili. Mimi nitakuwa chini ya orodha, nitapewa zamu watakazonipa. Wewe una miaka yako pale, unaweza kuchagua. Chagua kinyume changu. Nikiwa nje, wewe uwe Calumet, si Anchorage, ulale chumbani kwako, umpeleke Baba Chicago kwa gari na umsikilize akikosoa unavyoshika usukani. Nikirudi, nenda zako. Ukikataa, nijulishe kabla ya mwezi kwisha, niwaachie nafasi yao na nimrudishie Tobias pasti yake. Sitakununia. Nasema uongo, nitakununia sana.

Jambo moja limenipata nikiandika, na nimeweka kalamu chini mara mbili. Tangu uliponifundisha kuruka, kwa ile ndege ya mjomba yenye miguu ya kuteleza kwenye theluji, mimi nyuma yako sioni kitu ila kofia yako, nimetaka siku moja tukae kiti kwa kiti, kushoto wewe, kulia mimi. Ndiyo maana niliomba kwenu na si kwa akina Gordon. Sasa ukikubali hili, tutakuwa kampuni moja, orodha moja, na hatutaruka pamoja hata siku moja. Tutaonana mlangoni tu, wewe unaingia na begi, mimi natoka na langu. Nakuomba ukubali hivyo hivyo.

Shangazi Helmi anakusalimu na anauliza kama soksi zilifika. Bernice anakusalimu, Tobias pia, ingawa hamjuani. Irma anasema deni lako la tabasamu lingalipo. Mungu akushike huko juu, akulainishie kila unapotua, na akulete nyumbani ungali unakumbuka njia.

Mimi mdogo wako nikupendaye, hata nikiwa na hasira,

Saima

Tena: Baba ameuliza kama nimemaliza kuandika. Yuko uani anapasua kuni, leo Jumamosi anawasha sauna. Nimemuuliza kama ni ya magoti. Amesema hapana, ni ya Arvo.