Mama wa Ludara Niliyemwacha Barazani

Arua, Jumatano baada ya alasiri

Kwa Mama yangu mpenzi, Bi Zainabu,

Asalaam aleikum. Mimi mwanao Juma ni mzima. Malaria ya mwezi uliopita iliniacha nikiwa mifupa mitupu, lakini sasa nala na nalala. Wewe je, Mama? Goti limekuruhusu kusali ukisimama, au bado unakalia kile kigoda? Na Rukia, kikohozi kimemwacha? Huku sukari imekuwa kama dawa, mtu anaipata kwa kujuana, nami nikinywa chai isiyo na sukari nawakumbuka nyinyi mnaoishi katikati ya miwa ya Mumias halafu mnalalamika kwamba chai ni tamu mno.

Rukia, dada yangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Leo nakuomba umsomee yote. Kuna mahali utataka kuruka ili usimuumize. Usiruke.

Mama, barua yangu iliyopita ilikufurahisha. Rukia aliniandikia kwamba uliipeleka kwa jirani yetu Bi Hawa ikasomwa mara ya pili. Humo niliwaambia kwamba nimepata kazi ya ukarani kwa mawakili wawili hapa Arua, na kwamba kila Jumanne ofisi yetu haipokei tajiri wala mwenye duka. Siku hiyo ni ya wajane, mayatima na wazee wasio na kitu, nao husikilizwa na kupelekewa kesi zao mahakamani bila malipo. Nikaandika kwamba mwanao anawasaidia wanyonge kupata haki yao. Yote hayo yalikuwa kweli, isipokuwa hilo la mwisho. Wakati nilipoandika, kulikuwa na mjane mmoja aliyenyang'anywa shamba, na haki yake ilikuwa mdomoni mwangu, nami nimeufunga.

Ngoja nianzie Koboko, maana huko ndiko nilikokosea.

Unajua kwamba kabla ya Arua nilikuwa mwandishi wa barua Koboko. Nilikuwa na meza na taipureta yangu ndani ya duka lililokuwa la Mhindi, na sasa ni la Mnubi mmoja, mtu wa watu. Wateja walisema kwa Kiswahili, mimi nikipiga chapa kwa Kiingereza: barua za kuomba kazi, barua kwa watoto walio mbali, na hati za mapatano. Chini ya kila hati niliweka mstari mmoja: "Maneno haya amesomewa mwenye kidole kwa lugha anayoielewa, naye ameyakubali." Mstari huo niliuona kwenye karatasi za serikali, nikaupenda kwa jinsi ulivyokaa. Kwangu ulikuwa pambo, kama vile mtu anavyoandika wasalaam mwisho wa barua. Halafu chini yake natia saini yangu ya kujikunja, ile ambayo Marehemu Baba alikuwa akisema hata mimi mwenyewe siwezi kuisoma.

Siku moja alikuja bwana mmoja wa Ludara, jina lake Wani, na wazee wawili wa ukoo wake. Ndugu yake alikuwa amefariki, ameacha mjane, Mama Kiden, na shamba zuri la mihogo na ufuta karibu na kijito. Wani ana maneno laini, Mama, mtu wa kumtoa nyoka pangoni.

"Karani, andika," alisema. "Mama naachia sisi shamba ya marehemu. Sisi nachunga yeye mpaka kufa. Mambo iko namna hiyo tu."

Nikamuuliza mama mwenyewe yuko wapi.

"Iko inje."

Nilielewa. Kwao, mwanamke aliyeolewa haketi mahali ambapo wakubwa wa mume wake wanazungumza. Anakaa kando, anangoja aambiwe. Basi alikuwa ameketi barazani, nyuma ya ukuta, hatua nne au tano kutoka kwenye kiti changu. Hakuna aliyenizuia kuinuka. Ningeweza kuchukua karatasi, nikatoka, nikachuchumaa mbele yake, nikamsomea kwa Kiswahili, maana anakisikia vizuri. Lakini lori la Ludara lilikuwa linapiga honi, wazee wamekwisha kusimama, na mimi nilijiambia kwamba kumfuata mwanamke wa watu huko nje ni kukosa adabu kwa wenyeji. Ni uvivu tu niliouvisha kanzu. Nikampa mzee mmoja karatasi na kisahani cha wino akasimama navyo mlangoni. Niliona mkono wa mwanamke unaingia pembeni mwa mlango, kidole kinagusa wino, kinagusa karatasi, mkono unaondoka. Uso sikuuona. Kisha nikatia saini kwamba nimemsomea.

Baadaye nilihamia Arua. Mawakili walinichukua kwa sababu nilikuwa na taipureta yangu, yao ilikuwa imekufa na vipuri havipatikani. Jumanne moja akaingia mama mfupi wa umri wako, ameifunga karatasi ndani ya kitambaa kama mtu afungavyo yai. Wakili Ezati, ambaye ndiye mwenye kazi hii ya Jumanne, akaifungua juu ya meza.

"Mama, ni wewe naweka kidole hapa?"

"Niliweka. Shemeji nasema iko karatasi ya matanga, ya kuandika jina ya bwana yangu na siku nakufa."

"Nani nakusomea?"

"Nani atasomea mimi? Mimi nakaa inje."

Wakili aliigeuza karatasi kwenye mwanga wa dirisha, nami nikaiona. Taipureta yangu ina ugonjwa, herufi e inapanda juu ya wenzake. Katika karatasi ile kila e ilikuwa imepanda. Na taipureta yenyewe ilikuwa mbele yangu, mikono yangu iko juu yake.

Akamwambia, "Hapa kuna mutu anaweka saini kwamba alikusomea. Koti ya hakimu itaamini yeye, haiwezi kuamini wewe. Tukipata huyu mutu, aseme ukweli, shamba narudi. Tukikosa yeye, mama, mimi hapana danganya wewe. Njia ingine hakuna."

Mama Kiden akasema Wani ameanza kung'oa mihogo yake, na amempa mpaka mavuno ya ufuta awe amerudi kwa watu wa kwao. Na kwao hakuna mtu, walikwisha kufa.

Nilipiga chapa maelezo yake yote, neno kwa neno, nikajifanya karani hodari. Niliogopa, Mama, sitakuficha. Nchi hii siku hizi mgeni hatafuti kesi, na kutia saini uongo ni jela. Lakini hofu haikuwa yote. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kuitwa "karani ya wajane" hapa mjini, na jina hilo sikutaka linitoke.

Sasa sikia. Wakili Ezati ananiamini, akaniita akasema, "Juma, wewe ulikaa Koboko. Kwenda, tafuta huyu mwandishi." Nikapanda gari, nikaenda kujitafuta. Nilishinda kwa yule Mnubi mwenye duka, tukala asida, ule ugali wao, na mchuzi wa bamia, tukacheka mambo ya zamani. Niliporudi nikamwambia wakili, "Amehama, bwana." Na kweli nilikuwa nimehama.

Jumanne iliyofuata mama alikuja tena. Wakili akamweleza kwamba mwandishi hakupatikana, akatazama chini kama aliyeshindwa ni yeye. Mama Kiden hakulia. Alinigeukia mimi.

"Ni wewe natembea mpaka Koboko sababu yangu? Pole, mwanangu. Mungu naona kazi yako."

Akafungua kitambaa chake, ndani mlikuwa na muhogo wa kuchemsha, wa kuomba kwa jirani, maana wa kwake umeng'olewa. Akaukata vipande viwili kwa mkono, akanipa kimoja. Na mimi nikaula. Rukia, hapa ndipo nilipokuambia usiruke. Mama, niliula muhogo wa mwanamke niliyemnyang'anya shamba, nikasema ahsante, na jioni ile ile nikakaa nikakuandikia barua ya kujisifu.

Halafu likaja jibu lenu. Rukia aliandika kwamba kila ukimaliza sala unaniombea mimi, na baada yangu unawaombea wale wajane wangu. Nilisoma hapo nikashindwa kuendelea. Nilijua kwamba unapowaombea Mungu awaondolee dhalimu wao, dhalimu mmoja unamtaja kwa jina kila siku bila kujua, tena unamtaja wa kwanza.

Kesho yake asubuhi niliingiza karatasi nyeupe kwenye taipureta, nikapiga ule mstari wangu, nikaupeleka kwa wakili na kuuweka kando ya hati ya Ludara. Alitazama hii, akatazama ile. Akavua miwani.

"Juma, mimi natuma wewe Koboko kutafuta nani?"

"Mimi, bwana."

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Aliuliza tu, "Utasema hii mbele ya hakimu?"

"Nitasema."

"Wanaweza kufunga wewe."

"Najua."

Alipangusa miwani, kisha akasema, "Mama alikupa chakula hapa, mimi naona." Akatoka nje. Siku tatu hakunisalimu.

Tulikwenda mahakamani. Niliapa kwa Msahafu, nikasema yote, na Wani ameketi pale na wazee wake wananitazama. Hakimu alinikanya kwa maneno ambayo mkono wangu hautayaandika kwenye barua ya mzazi. Alisema ningefungwa kama nisingekuja kwa miguu yangu. Akaamua kwamba hati ile si kitu, shamba ni la Mama Kiden, na Wani asikanyage. Wakili wetu alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa ya upande mmoja wa uso tu, maana nusu ya mihogo imekwisha kung'olewa, na ufuta wameuvuna wao.

Kazi sijafukuzwa. Tulipotoka mahakamani wakili aliniuliza, "Karatasi kama hii, uliandika ngapi?" Sijui, Mama. Niliandika kwa miaka miwili, na karibu kila mwanamke alikuwa amekaa nje. Basi nimepewa kazi nyingine. Kila siku ambayo ofisi hainihitaji, naazima baiskeli au napanda lori, nakwenda Koboko na vijiji vyake kuwatafuta wenye vidole. Nikimpata mmoja, namsomea, na kama alidhulumiwa naandika jina lake aje Jumanne. Mpaka sasa nimewapata sita. Wawili walinifukuza, na mmoja alikuwa amekwisha kufa. Kwa hiyo, Mama, Idi hii sitakuja. Najua umenitunzia jogoo. Mchinjeni, mle.

Ile dua yako usiiache, lakini wataje wao kwanza. Na Bi Hawa naye asomewe barua hii, kwa kuwa alisomewa ile.

Nisalimieni Mjomba Seifu fundi cherehani, mwambieni suruali aliyonishonea bado inanifaa, imelegea tu. Nisalimieni Shangazi Mwanaidi wa sokoni, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, na yeye msimfiche. Rukia, ahsante kwa sauti yako. Naona kama nakusikia ukisimama kumeza mate.

Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii na kuitia kwenye bahasha. Nimeitoa tena, kwa sababu nilikuambia habari za mahakamani nikaacha jambo moja, na nikiliacha nitakuwa nimefanya yale yale.

Kabla ya kutoa hukumu, hakimu aliniamuru nimsomee Mama Kiden ile hati, pale pale, mbele ya watu wote, kwa lugha anayoielewa. Nikashuka kizimbani, nikasimama mbele yake. Ndiyo mara ya kwanza nilimtazama machoni. Nikasoma kwa Kiswahili, polepole, mistari saba tangu jina lake mpaka saini yangu. Nilipomaliza alikuwa bado ameinamisha kichwa anasikiliza, anangoja iendelee. Nikamwambia, "Imekwisha, Mama."

Akasema, "Imekwisha? Kumbe iko mufupi namna hii. Mimi siku zote nawaza iko murefu sana, ndiyo sababu munakosa wakati ya kunisomea."

Mwanao,
Juma