Pua ya Ornella na Mvuke Wangu

Papa Ornella,

Ukiamka usishtuke, Ornella hakusoma leo, amelala chumbani kwake. Sikukuamsha kwa sababu ulirudi kutoka kazi ya usiku, stoo ya Ingleburn, umechoka. Chakula chako, sombe ya majani ya muhogo, kiko kwenye friji. Nimeenda madukani Cabramatta kutafuta vipimo vya corona, vyetu vimeisha.

Ilikuwa hivi. Jana darasa lao la Kifaransa lilituma barua: watoto wanne wana corona, wazazi tulinde wetu. Basi asubuhi nikamfukiza na majani ya mkaratusi, shuka kichwani, vile mama yangu alikuwa anatufanyia. Kufika getini kwa shule, pua inamiminika! Madame Cécile, mwalimu wao, akasema arudi nyumbani mpaka kipimo kioneshe hana kitu. Ornella akanivuta koti: “Mum, mwambie ni mvuke!” Nikamshika mkono, tukarudi. Niliona haya kusema mbele ya wale wazazi wote.

Sasa sijui. Ni mvuke, ama amepata kweli? Pua ikikauka, bado tunapima? Barua nimeisoma kwa Kifaransa, tena kwa Kiingereza changu cha masomo ya jioni. Haisemi chochote juu ya mvuke. Na kesho ndiyo zamu yake ya kusoma mbele ya darasa!

Mpime joto. ~~Mpigie Madame, sema ni mafua tu.~~ Hapana, usipige. Nitamwandikia mwenyewe nilichofanya, acheke akitaka.

Wewe usicheke. Ornella akiamka, asome karatasi yake ya kesho kwa sauti, umsikilize. Na umwambie mama amekubali kusema juu ya mvuke.

Mama Ornella