Picha ya Mama kwenye Kompyuta ya Baba

Jumatano

"Kompyuta imemfuta mama yako." Baba ndiye aliyesema, kwa simu, leo asubuhi. Nikapanda kilima cha Naguru, nyumbani kwake.

Mfumo mpya ulijiweka wenyewe usiku na kuhamisha kila kitu. Mahali pa picha ya marehemu Mama palikuwa na mlima wa theluji. Baba, polisi mstaafu, alisimama nyuma ya kiti changu, kofia kichwani.

Picha ilikuwemo bado. Nilipoirudisha kwenye skrini, alivua kofia.

"Baba, ngoja nikuonyeshe. Siku nyingine utairudisha mwenyewe."

"Nikishajua, bwana mwandishi, wewe utakuja huku kufanya nini?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Nahofia siku zake ni ndefu mno mle nyumbani, peke yake.

Jumapili baada ya misa nitapanda tena, bila kuitwa.